Mama wa Machakos aliyerudisha jiwe la ngome Japani

Saa moja kasoro robo asubuhi. Ukungu bado umelalia mlima wa Iveti, na Nthambi Maundu amepiga magoti mbele ya ukuta akiyaandikia mawe namba. Mkono wa kushoto ameshika kopo la chokaa. Wa kulia ameshika brashi ya viatu, na mwenye brashi, ambaye ni mumewe, bado anaitafuta nyumbani.

"Hili ni la mia moja na nne," anasema, akilipiga kofi kama mtu anayempiga ng'ombe mgongoni. "Mia na tano ni lile linaficha uso. Kaluki, usilikalie! Hilo si kiti, hilo ni mia na sita."

Kaluki Munyao anainuka polepole akipangusa sketi. "Siku hizi kila kitu ni namba. Kesho utaniandika mimi."

"Wewe huna namba. Wewe ni mzigo wa ziada."

Wanawake wengine tisa wanacheka bila kuacha kazi. Wako kumi na mmoja, na mdogo wao ana miaka arobaini na tisa. Huyo ndiye bado anatumwa maji.

Ukuta wenyewe unashikilia uwanja wa shule ya msingi, hapa juu ya Mumbuni, mahali ambapo mtu akisimama anaona mabati ya mji wa Machakos yote. Hatua sita kutoka ukingoni liko darasa la tatu. Ukuta una urefu wa hatua arobaini na hauna simiti hata kijiko. Ni jiwe juu ya jiwe, na kikundi cha akina mama hawa, kiitwacho Itambya, ndicho kilichoujenga kwa mwethya, yaani ile kazi ya kusaidiana ambayo kila boma hutoa mtu, na asiyekuja husemwa mpaka mwaka uishe.

Sasa umevimba. Hatua tisa za mwisho zimetokeza tumbo, na kila mtoto wa darasa la tatu analijua hilo tumbo kwa sababu ndipo wanapofichia mpira.

Injinia Kyalo, ambaye ofisi yake inasimamia ukarabati wa shule, amewapa akina mama siku ishirini na moja. Uvimbe usipoondoka, ukuta wote utabomolewa, wa simiti usimamishwe kabla ya mvua ya Novemba. Leo ni siku ya nane.

"Wakitaka kubomoa wapitie juu yangu," anasema Nthambi, mwenye miaka sitini na tatu. "Nitalala hapa chini, na watajua uzito wangu. Mimi si kokoto."

Jambo la kushangaza ni kwamba, akimaliza namba zake, anachukua mtaimbo na kuanza kuubomoa ukuta huohuo yeye mwenyewe. Jiwe la kwanza linaanguka kwenye nyasi na hakuna anayelia.

Ili mtu aelewe, inabidi aende Japani kwanza.

Nthambi alienda mwezi wa Aprili. Alikuwa mmoja wa wakulima saba wa Ukambani walioalikwa na shirika moja la wakulima wa matuta, wakaone wenzao wa ng'ambo wanavyolima milimani. Kabla ya hapo, mbali zaidi alikowahi kufika ni Mombasa, kwa mazishi. Aliishia darasa la saba. Kazi yake ni kibarua cha matuta na kuta za mawe. Siku ya kazi hulipwa shilingi mia tano, na kiangazi kikikaza hukaa hata mwezi bila kuitwa.

Siku ya nne ya safari, ratiba iliandikwa: kutembelea ngome ya mlimani. Nthambi akavaa ile nguo aliyoshonewa kwa harusi ya mwanawe Mutua.

"Ngome ni nyumba ya mkubwa," anaeleza. "Mtu haendi kwa mkubwa na slipas."

Walipanda saa nzima katikati ya misitu. Wenzake walipumzika mara tatu. Yeye hakupumzika, alikuwa na haraka ya kusalimia. Walipofika kileleni palikuwa peupe. Nyasi, miti michache, na upepo.

Mkalimani wao alikuwa msichana wa Kijapani anayeitwa Emi, aliyewahi kufundisha Kitui miaka miwili na kurudi kwao akiwa anaongea Kiswahili cha huko, pamoja na salamu zake, na aliyemwita Nthambi mwaitu, yaani mama.

"Emi, mwenyewe ako wapi?" Nthambi akauliza.

"Hayuko, mwaitu. Alikuwa bwana wa vita. Ngome iliachwa miaka mia nne iliyopita."

"Na nyumba?"

"Ilikuwa ya mbao. Iliisha."

"Sasa imebaki nini?"

"Mawe."

"Aiii! Nimepanda ndege mbili, nimekula samaki haijapikwa, nikuje kuona mawe? Si ningebaki kwetu niyakanyage bure?"

Emi akacheka mpaka akashika mti. Halafu Nthambi akageuka upande wa bonde, akaona ukuta.

Ulikuwa umeshikilia bega zima la mlima. Ulipanda mara tatu ya kimo chake, mawe ya kila umbo, mengine makubwa kama ng'ombe aliyelala, na hapakuwa na simiti. Mizizi ilipita juu yake na ukuta haukujali. Nthambi akausogelea.

"Niliingiza mkono katikati ya mawe," anakumbuka. "Baridi ilikuwa inatoka ndani. Nikajua huu ukuta unapumua. Nilitaka kumwita Kaluki aone, nikakumbuka Kaluki ako Machakos anakamua mbuzi."

Ndipo akaona jiwe chini.

Hapa lazima isemwe sheria ya Itambya. Kikundi kina sheria nyingi ambazo hazifuatwi, ila moja inafuatwa: mwanachama hapiti jiwe lililoanguka kutoka ukuta au tuta, liwe la nani. Analirudisha papo hapo. Anayelipita hulipa maharagwe gorogoro moja, lile kopo la kilo mbili, na siku ya mkutano anaimba katikati peke yake. Maharagwe mtu anaweza kuvumilia. Kuimba peke yake, kwa sauti kama ya Nthambi, ni adhabu ya wote.

Kwa hivyo hakufikiria mara mbili. Aliweka mkoba kwenye nyasi, akapandisha nguo ya harusi, akalikumbatia lile jiwe na kulisukuma kwenye tundu lililokuwa wazi. Akaokota vijiwe viwili, akavipachika nyuma yake. Alikuwa bado anapangusa mikono filimbi ilipolia.

Mlinzi alikuja mbio. Akaja na wa pili. Magofu hayo yanalindwa na sheria, na mgeni haruhusiwi hata kuegemea, sembuse kujenga. Lile jiwe lilikuwa na namba nyeupe ubavuni, lililazwa pale na mafundi waliokuwa wanakarabati, na Nthambi alidhani ile namba ni uchafu wa ndege.

Emi akainama mbele ya walinzi. Akainama tena. Akainama mara ya tano.

"Usiiname sana," Nthambi akamwambia, "utaona jiwe lingine uliokote."

"Mwaitu, tafadhali, sema pole!"

"Nimekosa nini? Jiwe lilikuwa chini, sasa liko juu. Waulize kwao jiwe likianguka linawekwa wapi."

Walinzi walimpigia simu fundi mkuu wa ukuta, mzee Hirano, mwenye miaka sabini na minane, mfupi, mwenye vidole ambavyo, kwa maneno ya Nthambi, "vimepondwa kama vyangu." Mzee alifika, hakusalimia mtu. Akaliwekea lile jiwe kiganja na kusukuma. Halikutikisika. Akatumia mikono miwili. Halikutikisika.

Halafu akauliza kitu, na Emi akatafsiri: "Anasema umeweka vijiwe kwa nyuma, si kwa mbele. Watu wengi hupachika mbele. Ni nani alikufundisha?"

"Mwambie ni mama yangu. Na mwambie ukuta wake pale kwa kona uko na mimba."

Emi akawa mwekundu. "Siwezi kumwambia mzee hivyo."

"Mwambie. Sisi ukuta ukivimba tunasema hivyo. Kwani yeye hana watoto?"

Emi akatafsiri akitazama viatu vyake. Mzee Hirano akatazama kona, akamtazama Nthambi, akacheka kicheko kirefu kilichowashangaza hata walinzi. Kwao pia, mafundi wa mawe husema vilevile.

Hata hivyo jiwe lilitolewa. Tundu lake halikuwa lile. Lake lilikuwa hatua mbili kushoto, na mzee alikuwa na picha ya kuthibitisha. Ilibidi achukue mtaimbo, na alitoa jasho. Nthambi anasema jasho lile lilitosha kuwa samahani.

Baada ya hapo wale wakulima wengine sita walipelekwa kunywa chai. Nthambi alibaki na mzee.

Mzee alimwonyesha alama zilizochongwa kwenye baadhi ya mawe: duara, mshale, mistari mitatu. Zilikuwa za vikundi vya mafundi waliobeba. Jina la bwana wa vita liliandikwa kwenye kibao cha mbao njiani, na kibao kilikuwa kimeanza kuoza upande mmoja. Alama za wabebaji bado zilisomeka.

"Nikaona ni kama zetu," anasema Nthambi. "Wazee wetu walikuwa wanachora alama ya ukoo kwa mizinga ya nyuki na kwa mishale, ili mtu asiseme ni yake. Nikamwambia Emi, hawa ni Wakamba walipotea njia."

Kisha mzee akampeleka mahali walipokuwa wameufungua ukuta ili kuukarabati. Hapo ndipo Nthambi alipokaa chini bila kualikwa.

Nyuma ya mawe makubwa, kabla ya kufika kwenye udongo wa mlima, kulikuwa na kokoto tupu, upana wa mkono wake kutoka kidole hadi bega, kutoka juu hadi chini. Maji ya mvua huingia humo, hushuka, hutokea chini, na ukuta haubebi mzigo wake. Mama yake alikuwa akifanya hivyo hivyo. Itambya walifanya hivyo hivyo, kwa hatua thelathini na moja.

Hatua tisa za mwisho walizijenga wakati wa kiangazi cha 2009. Walikuwa wakilipwa mahindi, na njaa ilikuwa ikiwasimamia kuliko msimamizi. Mawe makubwa hupitishwa mkono kwa mkono kwa wimbo, na wimbo huyafanya mepesi. Kokoto hufuatwa mtoni kwa kyondo, kikapu cha kusuka cha mgongoni, mtu mmoja mmoja, kimya, na kupanda nayo ni dakika ishirini.

"Kokoto haikuwa na wimbo," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hatanii. "Ndiyo sababu. Tulikuwa tunaimba, mawe yakaja haraka, hakuna mtu alitaka kutoka kwa wimbo aende mtoni. Tukajaza udongo. Mimi nilikuwa mbele nikiimba kuliko wote."

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyeweza kuona ndani ya ukuta. Aliporudi Machakos aliita mkutano, akagawa peremende za Kijapani kwanza, kisha akawaambia.

Kaluki alisimama na peremende mdomoni. "Kwa hivyo ulienda Japani kutuletea aibu?"

"Aibu ilikuwa hapa. Mimi nimeiletea macho tu."

Siku iliyofuata alimsubiri Injinia Kyalo langoni mwa shule. Kyalo ana miaka thelathini na minne, amezaliwa hapa hapa, na alisoma katika darasa lile lile la tatu. Tena ni mtoto wa Kaluki.

"Ule uvimbe ni kosa letu," Nthambi alimwambia. "Nimekuambia mimi kabla uniambie wewe."

"Basi mwaitu, umenirahisishia kazi."

"Sijakurahisishia. Hatua tisa ziko na makosa, thelathini na moja hazina. Wewe jino moja likioza unang'oa mdomo?"

Kyalo alijaribu kueleza kwamba ofisi inataka ukuta wenye hesabu kwenye karatasi, kwamba yeye mwenyewe anawaheshimu, lakini watoto wako juu pale na mvua iko njiani.

"Hao watoto ni wajukuu wetu," Nthambi akajibu. "Nipe siku. Tukishindwa leta simiti yako, na mimi mwenyewe nitakukorogea."

Ndipo akapewa siku ishirini na moja.

Siku saba za kwanza walibeba kokoto, na safari hii ina wimbo. Kaluki ndiye aliyeutunga. Mstari mmoja unasema Kyalo alisomeshwa simiti na mama yake akasomeshwa mawe, na mwingine unamtaja injinia alivyokojoa kitandani hadi darasa la pili. Wimbo umeshafika sokoni.

"Ni mwanangu, nampenda," anasema Kaluki, akijitwika kyondo kingine. "Lakini akileta simiti hapa nitaongeza mstari."

Siku ya tisa hadi ya ishirini zinapita katika mgongo. Mawe yanashuka kwa namba, tope linachotwa kwa karai, kokoto inajazwa, mawe yanapanda tena. Jiwe la mia moja na sita linakataa kurudi lilipotoka, linajaribiwa mara nne. Kaluki anasema limekasirika kwa sababu alilikalia. Siku ya kumi na tano mwanamke mmoja anapondwa kidole, anafungwa kitambaa, anapewa kazi ya kuimba.

Tena nyuma ya kila jiwe la mbele, kabla halijafunikwa na kokoto, mwanamke aliyelibeba anachora kwa msumari na nyundo alama ya ukoo wao.

Siku ya ishirini na moja, saa nne asubuhi, Kyalo anafika na kamba, na futi, na viatu vilivyong'aa. Nyuma yake kuna mikokoteni miwili ya punda imebeba mitungi arobaini ya maji.

"Nataka kumwaga yote kwa nyuma, kwa pamoja," anasema. "Ukuta ukisogea hata upana wa kidole, mwaitu, tumemaliza maneno."

"Mwaga," anasema Nthambi. "Lakini ukimwaga na huruma nitajua."

Mitungi inamwagwa. Kokoto inameza kila tone na haitoi sauti. Wanawake kumi na mmoja wanasimama chini ya ukuta, mahali ambapo ungeanguka ungewaangukia wao, na hakuna aliyewaambia wasimame hapo. Dakika inapita. Mwalimu mkuu amewatoa darasa la tatu, wamejipanga pembeni wakishikana mashati. Dakika ya pili inapita. Kyalo anatazama saa.

"Kyalo, ukiangalia saa hivyo maji itaogopa," Kaluki anasema.

Halafu mawe ya chini yanaanza kung'aa. Maji yanatokea kwenye nafasi kumi kwa wakati mmoja, membamba kama uzi, kisha kama kidole. Kyalo anapiga magoti, anakinga kiganja, anaangalia.

"Ni safi," anasema. "Hayana udongo."

Anavuta kamba yake kutoka mwisho hadi mwisho. Anapima mara mbili, halafu anapima tena, na hiyo ya tatu inaonekana ni kwa heshima. Ukuta haujasogea. Anaandika kwenye karatasi yake kwamba simiti imeahirishwa mpaka mvua ya Novemba na Desemba iishe, na ukuta ukisimama hivyo, mpango wa kubomoa utafutwa.

Nthambi anamtaka amsomee tena, polepole. "Umeandika 'ukisimama'," anasema. "Sawa. Utakuja Januari na kalamu ingine."

Limebaki tundu moja juu, karibu na ukingo. Kyalo anapangusa magoti na kuuliza, kwa sauti ya chini, kama anaweza kuweka jiwe la mwisho.

Wanawake wanatazamana.

"Jiwe lako halijafika," Nthambi anamjibu. "Liko mtoni. Hapa hakuna mtu aliwekewa karibu."

Injinia anatazama viatu vyake. Anamtazama mama yake, ambaye ghafla ana shughuli nyingi na kyondo. Anakunja suruali na kuanza kushuka, na wimbo unaanza nyuma yake, pamoja na ule mstari wa darasa la pili. Darasa la tatu wanaujua wote.

"Chukua kubwa!" Kaluki anapaza sauti.

Nthambi anakaa kwenye nyasi, anafungua bakuli la isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa, na kuanza kula. Anaulizwa mpango wake. Anasema mvua ikiisha wataanza ukuta mwingine hapo korongoni, hatua sitini, na kokoto ndiyo itabebwa kwanza. Tayari amemtumia mzee Hirano picha kupitia kwa Emi, na mzee amejibu kwa swali moja, kama ukuta ulijifungua salama.

Kuhusu kibao, maana ukuta ukipita lazima mkubwa fulani atataka kukizindua, hana neno. Wakipigilie wanapotaka. Alama za wabebaji ziko nyuma ya mawe, zimechongwa, haziozi.

"Mimi nitakufa," anasema, akitafuna. "Na huyo wa kibao atakufa. Mtu atapita hapa miaka mia nne ijayo, hatujui, aone jiwe limeanguka. Namtaka alirudishe. Alama imechongwa, hana sababu."

Analamba kijiko, anakielekeza kwa injinia aliyeinama mtoni akichagua.

"Na akilipita, mwambieni faini bado iko. Gorogoro moja ya maharagwe, na aimbe."